Mwangwi Unakaa Mwisho

Jumamosi, 1 Machi

Mawingu yamejikusanya upande wa milima ya Loima tangu asubuhi, lakini hapa Lodwar hakuna hata tone. Mazoezini Lokeno ametuambia kuna mpiga gitaa aliyemsikia kwenye harusi Kakuma, na anataka tumlete tufanye naye kazi mpaka Pasaka. Nilidhani anazungumzia mwanamume. Kumbe ni msichana, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, anaitwa Adau, umri miaka ishirini na mitatu.

Lokeno ndiye kiongozi wa bendi na ndiye anayepiga besi, kwa hiyo akishasema imekwisha. Mimi ni katibu, na mhuri wa kikundi unakaa kwangu. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali hakitolewi bila barua ya mwaliko. Nikaiandika barua vizuri, kwa Kiingereza cha ofisini, nikaipiga mhuri.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani niligundua kwamba nimeudhika. Kwa miaka tisa, mtu akisema "yule mwanamke wa gitaa," mji mzima unajua anamsema nani.

Jumatano, 12 Machi

Kibali kimetoka. Atakaa kwetu Nawoitorong. Mama alikubali kabla mimi sijaulizwa.

Jumamosi, 15 Machi

Amefika na gari la saa nne, begi moja mgongoni na gitaa limefungwa kwa shuka. Ni mrefu; nikisimama naye namwangalia kidevu. Mama alimsalimu kwa Kiturkana, "Ejok?" naye akajibu "Ejok-noi" bila kusita, na mama akamshika mikono yote miwili kama mtu aliyerudi kutoka safari.

Saa nane tukaenda mazoezini, ukumbi ule nyuma ya kanisa. Nikatoa ubao wangu. Nina pedali nne, nimezifunga kwenye ubao kwa vipande vya mpira wa tairi. Mama huniuliza kila mara ni vitu gani, nami humweleza kwamba ni visanduku vya kukanyaga: sauti ya gitaa inaingia upande mmoja, inatoka upande wa pili imebadilika, inaingia kisanduku kinachofuata, hivyo hivyo mpaka ifike kwenye spika. Kimoja kinarudia sauti kama mwangwi wa mlimani. Kimoja kinaibana isipande wala kushuka, tunakiita kompresa. Kimoja kinaikwaruza iwe na ukali. Cha mwisho kinaipa upana, kama unapiga ndani ya kanisa kubwa tupu. Nimezipanga kwa utaratibu nilivyozipata. Mwangwi ndio wa kwanza kwa sababu ndiyo pedali yangu ya kwanza, niliyoinunua mwaka ule nilipofungua kibanda changu cha kutengeneza simu.

Nikapiga. Adau alikuwa amechuchumaa karibu na spika, kichwa kimeinama upande. Nikamaliza. Lokeno ndiye aliyemuuliza ameonaje.

"Dada Nawoi, naweza sogeza kitu moja?" akaniuliza mimi, si Lokeno.

Nikamwambia asogeze.

"Mwangwi unakaa mwisho huko. Sasa hivi unarudia kwanza, halafu kompresa inainua ile ya nyuma iwe sawa na ya mbele, halafu unakwaruza zote pamoja. Zinakuwa uji. Ukikwaruza kwanza, mwangwi unarudia hiyo moja, na kila moja inasimama peke yake."

Akafungua vipande vya mpira, akaanza na kompresa, akafuatisha ya kukwaruza, kisha kule mwisho mwangwi, ukifuatiwa na ile ya kanisa tu. Hazikuzidi dakika tano. Lomunokol, mpiga ngoma wetu, aliacha kupigapiga akaja kutazama. Nikapiga tena wimbo uleule, kwa vidole vilevile.

Naandika ukweli kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Kila noti niliisikia ikienda na ikirudi, na ile iliyorudi haikumkanyaga mwenzake. Lomunokol akasema, "Huyu dem ni noma." Lokeno alinitazama kwa macho ya mtu anayejiuliza tumepoteza miaka mingapi.

Nikamuuliza Adau amekuwa na pedali tangu lini. Akasema hajawahi kugusa hata moja mpaka leo. Ana programu ya bure kwenye simu yake yenye picha za pedali, na huzipanga na kuzipangua akiwa amelala, akisikiliza kwa waya wa masikioni. "Nimezipanga kila namna," akasema.

Mimi nimezikanyaga zenyewe kwa miaka tisa.

Jumatatu, 17 Machi

Nimerudisha ubao wangu ulivyokuwa. Nikajifungia kibandani nikapiga kidogo. Uji. Nikaacha hivyo hivyo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza. Vumbi limelala.

Jumamosi, 22 Machi

Mazoezini nimepiga na ubao wa zamani. Adau aliona, hakusema neno. Lokeno alisema. Alisema mbele ya wote kwamba kiburi hakina sauti nzuri, na niupange kama nilivyoonyeshwa. Nikapiga magoti nikaupanga. Adau alitoka nje akajifanya anazungumza na simu ili asinitazame, na hilo liliniuma kuliko maneno ya Lokeno.

Alhamisi, 27 Machi

Adau huamka kabla yangu na kwenda na mama kuchota maji. Leo nimewakuta wamekaa mlangoni wakilinganisha majina ya rangi za ng'ombe, mama kwa Kiturkana na yeye kwa Kidinka, wanacheka mpaka machozi. Mama hajawahi kunifundisha mimi majina hayo. Nikifikiri vizuri, sijawahi kumuuliza.

Jumamosi, 5 Aprili

Lokeno amempa Adau kipande cha gitaa peke yake katika "Barabara ya Lokichar." Wimbo ule nimeutunga mimi, kila neno, mwaka ambao ndugu yangu alifuata kazi za wakandarasi wa mafuta na tukakaa miezi minane bila habari zake. Lokeno alinieleza taratibu kwamba mimi ninaimba, na mtu hawezi kuimba na kupiga solo vizuri kwa wakati mmoja. Nimekuwa nikifanya vyote viwili tangu tuanze.

Adau alipiga. Aliianza solo chini sana, noti tatu tu, akaacha mwangwi uzirudishe, akaingiza nyingine katikati ya zile zilizokuwa zinarudi. Ilikuwa kama watu wawili wanaitana kutoka pande mbili za mto. Nilishindwa kuimba ubeti wa mwisho. Wakadhani nimeguswa.

Niliguswa. Lakini pia nilitamani waya ukatike.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua usiku kucha. Mto Kawalase umejaa, maji mekundu yanabeba miti mizima.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Tumepiga kanisani. Baada ya ibada kina mama walimzunguka Adau. Mmoja aliniita, nikaenda nikijua anataka kunisifu, kumbe alitaka nimwambie yule mrefu ajifunike, jua kali.

Jumanne, 22 Aprili

Kibali chake kimekwisha, amerudi Kakuma. Mama amempa kibuyu cha maziwa. Mimi Adau alinishika mkono akasema, "Asante kwa kukaa na mimi, dada." Nyumba imekuwa kimya, nami nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Jumamosi, 26 Aprili

Tamasha uwanjani ni tarehe 24 Mei, bendi sita, na kuna mwenye studio kutoka Kitale atakuja kuchagua bendi ya kurekodi. Lokeno anasema bila Adau tusijisumbue. Ofisi inayotoa vibali inataka barua wiki tatu kabla. Amenikumbusha mara mbili.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeandika barua na kuitia tarehe ya leo. Sijaipiga mhuri.

Jumanne, 29 Aprili

Lokeno amepita kibandani akauliza barua iko aje. Nikamwambia nimeituma.

Sijui kwa nini ilitoka kwa urahisi hivyo. Nilikuwa nalehemu waya wa chaja, sikuinua hata macho.

Ijumaa, 2 Mei

Sijatuma.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Sijatuma.

Jumamosi, 10 Mei

Mazoezi bila Adau. Nimepiga solo mwenyewe, pedali zikiwa zimepangwa alivyozipanga yeye. Lomunokol ameniambia nimeiva sana mwaka huu. Nikafurahi siku nzima, mpaka jioni nilipojiuliza alichokisifu ni mikono yangu au ni utaratibu wa visanduku.

Jumatano, 14 Mei

Adau amepiga simu. Amekwenda ofisini mara tatu, wanasema hakuna barua ya jina lake. Sauti yake haikuwa na lawama, ilikuwa ya mtu anayeomba ushauri. Nikamwambia labda imechanganyika na karatasi nyingine, arudi awaombe watafute vizuri. Akasema atarudi kesho, na akaniomba nimsalimie mama.

Mama alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Sikumpa salamu.

Jumatatu, 19 Mei

Nimepiga barua mhuri, nikampa dereva wa gari la Kakuma aifikishe ofisini. Imebaki siku tano. Najua haitoshi. Nimeituma ili siku mtu akiniuliza niweze kusema nilituma.

Jumamosi, 24 Mei

Nataka niandike leo, kabla sijalala.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, saa sita jua likatoka. Lokeno alikuwa amezungumza na Adau jana. Alimwambia aje tu, barua imetumwa tangu Aprili, katibu mwenyewe amethibitisha, na kibali lazima kipo mahali fulani mezani kwa mtu. Adau akamwamini, kwa sababu Lokeno aliniamini mimi. Akapanda gari la saa mbili.

Zamu yetu ilikuwa saa kumi. Saa tisa na nusu hajafika. Simu yake inaita haipokelewi. Lokeno akasema tupande sisi wanne, bila yeye.

Sijawahi kupiga vile maishani mwangu. Uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye ukuta. Nilipofika kwenye solo ya "Barabara ya Lokichar" nilianza na noti tatu, chini, kama yeye. Nikaacha mwangwi uzirudishe. Watu walinyamaza, elfu nzima na ushee, kisha wakaanza kupiga kelele, na nikasikia jina langu. Walikuwa wanaliita jina langu. Kwa muda wa wimbo mmoja nilikuwa nimepata kila nilichokitaka.

Nilishuka ngazi za jukwaa nikicheka. Lokeno alikuwa ametangulia chini, simu sikioni. Akaikata, akaniambia Adau ameshushwa garini kwenye kizuizi cha barabarani. Hakuwa na kibali. Yuko ndani, kituoni, mpaka mahakama ifunguliwe Jumatatu. Waliomkamata walimruhusu kupiga simu moja, naye akampigia Lokeno kuomba radhi kwamba hakufika.

Mwenye studio alikuja akanipa mkono. Sikumbuki alisema nini.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani. Sikula.

Jumatatu, 26 Mei

Lokeno alikwenda Kakuma alfajiri na amerudi jioni. Adau ameachiliwa. Mahakama imempa onyo, na ameambiwa asiombe kibali kingine mpaka mwaka uishe.

Lokeno alikuja moja kwa moja kibandani kwangu, viatu vimejaa matope. Hakukaa.

"Nimeiona barua ofisini," akasema. "Ina tarehe ya ishirini na nane Aprili. Wao wameigonga mhuri wa kupokea tarehe kumi na tisa Mei. Hizo wiki tatu ilikuwa wapi, Nawoi?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, niliyatengeneza jana kutwa. Nikafungua mdomo, nikajikuta nimesema, "Kwenye droo hii hapa."

Aliitazama ile droo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, kwamba na yeye ana kosa, kwa sababu aliona tangu Machi nilivyokuwa namtazama yule msichana, akadhani itaisha yenyewe. Akaomba mhuri. Nikampa. Akaenda.

Jumanne, 27 Mei

Nimemwambia mama. Alikuwa anachagua mtama, akaendelea kuchagua. Baada ya muda akauliza kama pale kituoni walimpa kitu cha kujifunika, maana mvua ilinyesha. Nikasema sijui. Hajanisemesha tena.

Jumamosi, 31 Mei

Nimekwenda Kakuma.

Niliuliza mpaka nikafika kwa shangazi wa Adau, Akon, kambini Kakuma One, nyumba ya mabati yenye ua wa miiba. Akon hakunijua. Alinikaribisha kwa mikono miwili na kunipa chai yenye tangawizi, na nilipomwambia mimi ndiye Nawoi wa Lodwar akaniambia nimefanya vizuri kumtunza mtoto wao Pasaka. Nikaiweka ile chai chini.

Adau alitoka ndani. Amekonda. Tukakaa kwenye mkeka, Akon akaenda kwenye moto wake. Nilimweleza yote kuanzia barua ya kwanza mpaka droo, mpaka zile salamu ambazo sikuzifikisha kwa mama. Sikujitetea. Nilipofika kwenye tamasha, nilivyoanza solo kwa noti zake tatu na watu wakaita jina langu, sikuruka kitu.

Akauliza swali moja tu. "Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu."

Alitazama nje, ambako mto Tarach ulikuwa umeacha matope mapya mpaka karibu na vyoo. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Mimi ndiye nilikuwa nakuonea wivu wewe," akasema. "Sio pedali. Leo uliamka, ukapanda gari, ukapita kile kizuizi, ukakaa hapa. Kuna mtu alikuuliza kitu?"

Nikasema hapana. Sikuulizwa hata jina.

"Mimi nimezaliwa hapa hapa Kakuma," akasema.

Nilimwomba msamaha. Akaniambia hawezi kunipa leo, na kwamba sitakiwi kumngoja mlangoni mpaka anipe. Nikasimama niondoke. Nilikuwa nimefika kwenye miiba ya ua aliponiita.

"Lodwar siwezi kuja tena. Lakini sisi tunapiga kanisani kila Jumapili, na hatuna mtu wa gitaa la pili. Wewe barabara ni yako. Ukitaka, njoo wewe."

Jumatatu, 2 Juni

Mwenye studio ametuandikia. Anatutaka Kitale mwezi wa nane. Nimemwambia Lokeno mimi sitakwenda, kwa sababu gitaa alilolichagua yule mtu si langu. Akasema atafikiri. Jioni akatuma ujumbe: amemwomba mwenye studio aje na mitambo yake Kakuma, na yule mtu hajakataa.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua zimekatika. Upepo umeanza tena, mchanga ndani ya kila kitu. Nimefuta pedali zote nne kwa kitambaa.

Jumapili, 15 Juni

Niliondoka alfajiri. Kizuizini askari alitupungia mkono tupite, na safari hii nilimtazama mpaka tukampita.

Kanisa lao ni la matope na mabati, ngoma kubwa mbele, watu wamejaa mpaka nje. Adau alinionyesha mahali pa kusimama, nyuma yake kidogo, upande wa kushoto. Nikaweka ubao chini ya miguu yake. Aliutazama akauliza mimi nitatumia nini. Nikamwambia nitachomeka moja kwa moja kwenye spika, gitaa la pili halihitaji kitu. Akasema, "Sawa," kama mtu anayekubali kiti.

Hakuniambia amenisamehe. Wakati wa kupeana amani alinipa mkono kama alivyowapa wengine wote, akaendelea na mwingine.

Kisha akapiga. Nyimbo zilikuwa za Kidinka, sikuelewa hata neno. Kazi yangu ilikuwa kodi tatu za gitaa, mbele na nyuma, bila pambo lolote, na kuwa pale kila alipozihitaji. Alikanyaga ya kukwaruza, akakanyaga mwangwi, na sauti ikapanda juu ya mabati ikarudi, na wanawake wakainua mikono. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Hakuna aliyenitazama mimi.

Nilidhani kwamba nikishasema kila kitu wivu utaniachia. Haukuniachia. Ulikuwepo kifuani mwangu kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, moto uleule wa Machi. Nilimwonea wivu kwa kila noti. Na katika nyimbo saba zote, sikukosea kodi hata moja.